Jahazi halikanyagi lami, mbona lalipa kodi ya barabara?

Mashine ilizima saa kumi za jioni, nje ya miamba ya Pate, tukirudi Amu kutoka Kiwayu na shehena ya samaki. Ulikuwa mwezi wa Agosti na upepo wa kusi ulikuwa bado na nguvu zake. Haikuzima mara moja. Ilianza kukohoa, ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, kisha kimya. Mkono wa kulia tuliyaona mawimbi yakivunjika mwambani, na kila dakika tulizidi kuyasogelea.

Nahodha wetu hakusema mengi. "Twekani tanga." Tulikuwa wanne, na vijana wawili kati yetu hawakuwa wametweka tanga kwa haja tangu msimu uanze, maana siku hizi tanga limekuwa la kupumzisha mashine tu. Lilipanda kwa taabu. Kwenda Amu tukiukabili upepo ule hakukuwezekana, kwa hivyo tuligeuza omo tukarudi Kiwayu tulikotoka. Usiku ule barafu iliyeyuka na nusu ya samaki wakaharibika. Roho nne zilisalimika, alhamdulillahi.

Siandiki kusimulia ajali ambayo Mungu aliiepusha. Naandika kwa sababu ya tulichokikuta ndani ya tangi la mafuta, na kwa sababu ya hesabu niliyoipiga nilipokuwa nalibadilisha tangi hilo. Hesabu ile imenionyesha kwamba serikali hutuona sisi watu wa visiwani kama watu wa tanga inapofika zamu ya kusaidia, na kama watu wa malori inapofika zamu ya kutoza.

Tangi halipigi kelele

Jahazi hili aliliacha marehemu baba. Lilijengwa kwa tanga peke yake. Mashine ya dizeli ilitiwa baadaye, na tangi la chuma cha kawaida likawekwa shetri, chini ya sitaha, kabla mbao za sitaha hazijapigiliwa upya. Tangu siku hiyo hakuna aliyeliona. Tulilijaza, tukapima kwa kijiti, tukaondoka. Kwa zaidi ya miaka 20 tulibadilisha filta, nozeli, pampu, na mara moja mashine yenyewe. Tangi hatukuligusa, kwa sababu tangi halipigi kelele.

Fundi wa Matondoni aliyekuja kulitazama ni mtu mzima, rika ya baba. Alianza na filta. Ndani mlikuwa na ute mweusi kama masizi yaliyolowa. Kisha akateremsha mpira mwembamba hadi chini kabisa ya tangi, akavuta, akamimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Tukaingoja itulie. Juu ikakaa dizeli ya manjano, chini kitu cheupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Mai haya, mwanangu, si mafuta."

"Ami, mafuta nanunua kituoni, safi. Maji yametoka wapi?"

"Hewani," akasema. "Wewe hulala na tangi nusu."

Ndivyo ilivyo. Tangi likiwa nusu, nusu nyingine ni hewa, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Usiku chuma kinapopoa, unyevu ule hugeuka matone kwenye kuta za tangi, kama matone ya nje ya glasi ya maji baridi, na matone huteremka. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kama gramu 840, ya maji ni gramu 1,000, kwa hivyo maji hukaa chini. Huko chini hufanya mambo mawili. La kwanza, hula chuma kutoka ndani, mahali ambapo rangi haikupakwa na jicho halifiki. La pili, pale maji na mafuta yanapokutana huota vijidudu, bakteria na kuvu, vinavyojilisha kwa dizeli na kuacha ule ute mweusi.

Chombo kikiwa kimetia nanga, uchafu hutulia chini na mashine hunguruma vizuri. Ukitoka nje, mawimbi hulikoroga tangi, uchafu hupanda, huvutwa pamoja na mafuta, na filta huziba. Ndiyo sababu mashine hufa pale pale unapoihitaji kuliko mahali pengine popote. Watu wakisema chombo fulani kina mkosi, kila kikitoka nje mashine inazima, mimi sasa nauliza kwanza habari za tangi lake.

Siku tatu badala ya saa mbili

Tangi lilikuwa pana kuliko mlango wa kushukia chini. Njia zilikuwa mbili: kulikata vipande humo humo ndani, au kuifungua sitaha. Kijana mmoja wa kuchomelea alitushauri tulikate kwa grenda, kazi ya saa mbili tu, mafuta si tumeshayamwaga? Ami alikataa kabisa, na nawaomba wenye vyombo wanaosoma haya walikumbuke katazo lake. Tangi lililomwagwa mafuta ndilo la kuogopa zaidi. Ndani hubaki mvuke uliochanganyika na hewa. Dizeli ni mpole kuliko petroli, lakini bati likishika joto la kukatwa, mafuta yaliyogandamana kwenye kuta nayo hugeuka mvuke, na cheche moja inatosha. Tulifungua mbao za sitaha moja moja. Ilituchukua siku tatu.

Lilipotoka tukalilaza ufuoni. Upande wa juu ulikuwa mzima, hata rangi ipo. Upande wa chini, uliokuwa umekaa juu ya mti uliolowa maji ya ngama, kidole changu kilipita. Kutu ilikuwa ikila kutoka ndani na kutoka nje, na pande mbili zilikuwa zimekaribia kukutana. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tangi jipya liwe la nini? Chuma cha kawaida ni rahisi na kila fundi anaweza kukichomelea, lakini ndicho kilichotufikisha hapa. Chuma kilichopakwa zinki hakifai, kwa sababu zinki haipatani na dizeli na huacha uchafu unaosafiri hadi kwenye nozeli. Stenlesi ni nzuri lakini ghali, na ikichomelewa vibaya huanza kutoboka pale pale kwenye viungo. Plastiki nene haishiki kutu, ila lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa mafuta, si pipa la maji, na haikubali umbo la shetri ya jahazi la kizamani. Tukachagua alumini ya baharini, bati la milimita 5, na kwa kuwa hapa kwetu sikupata wa kuichomelea, ilibidi kazi ifanyiwe Mombasa.

Vipimo vyake ni sentimita 80 kwa 50 kwa 45, yaani lita 180. Likijaa, mafuta peke yake ni kama kilo 150, na uzito huo ukikimbia kutoka ubavu hadi ubavu chombo hulemewa, kwa hivyo ndani tulitia kuta mbili zenye matundu za kuyatuliza. Juu kuna kifuniko cha kutosha mkono kuingia na kitambaa. Chini kuna kishimo kidogo chenye koki, ndiko maji yanakokusanyika. Bomba la kunyonya halifiki chini kabisa. Bomba la kupumulia limepandishwa juu na kupindwa, mdomo ukatazama chini, wimbi lisiingie. Tangi lenyewe halikai juu ya mbao tupu, limekalishwa juu ya vipande vya plastiki ngumu, kwa sababu alumini nayo huliwa ikigusana na mti uliolowa. Kati yake na mashine kuna filta yenye kikombe cha kioo, maji yakiingia yanaonekana.

Sasa kila alfajiri kabla ya kuondoka baharia hufungua ile koki mpaka mafuta safi yatoke. Ni kazi ya dakika mbili. Na jioni tukirudi, tunajaza, hatulali na tangi nusu.

Hesabu ya kituoni

Gharama yote, yaani tangi, mbao, filta, usafiri kutoka Mombasa na ujira wa mafundi, ilikaribia shilingi 90,000. Kisha nikaenda kulijaza kwa mara ya kwanza. Nikiwa nasubiri nilitoa simu nipige hesabu ya kile ninachokinunua hasa.

Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei mpya, na nchi nzima huisikiliza kama watu wanaongojea mwezi kuandama. Septemba 2023 dizeli ilivuka shilingi 200 kwa lita hata huko Nairobi. Kwetu visiwani mafuta hupakiwa tena chomboni kutoka bara, na kila mkono unaoyashika huongeza chake. Ndani ya bei hiyo mna kodi. VAT ya mafuta ilipandishwa Julai 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16. Na mna ushuru wa ukarabati wa barabara, ambao Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Kituoni hakuna anayekuuliza kama dizeli yako inaenda kwenye lori au kwenye jahazi.

Lita 180 mara shilingi 25 ni shilingi 4,500. Jahazi langu hujaza mara mbili kwa mwezi, kwa miezi kama 10 ya mwaka. Hiyo ni shilingi 90,000. Niliirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Kila mwaka jahazi hili hulipia barabara fedha zinazotosha kununua tangi jipya na kulifunga, nalo halijawahi kukanyaga lami hata siku moja. Barabara yetu ni bahari. Amu yenyewe tangu jadi mzigo hubebwa na punda.

Najua kuna atakayeniambia: ukifika Mokowe, samaki wako hupanda gari kwenda Malindi na Mombasa, nawe basi wafaidika na barabara. Ni kweli, wala sikatai kuilipia. Lakini gari lile limelipa ushuru wake kwa mafuta yake, na nauli ninayolipa imeuhesabu. Ninachouliza ni kwa nini safari moja hulipia barabara mara mbili, na ile nusu ya safari inayopita baharini hairudishiwi hata taa ya gatini.

Wabunge na magavana wamevutana sana kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ushuru huu huu, nani azisimamie. Nilizifuatilia habari zile kwa makini. Kila upande ulizungumzia barabara zake. Sikumsikia hata mmoja akitaja gati, au boya, au mlango wa bahari unaojaa mchanga.

Mashine mpya, ugonjwa wa zamani

Tena si kwamba sote tumeingia kwenye dizeli kwa anasa. Bandari ya Lamu ilipofungua gati lake la kwanza tarehe 20 Mei 2021, mlango wake ulikuwa umeshachimbwa, na wavuvi wa sehemu zile walikuwa wameshakwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe takriban shilingi bilioni 1.76, na baadaye ikakubaliwa sehemu iwe fedha taslimu na sehemu vifaa. Mvuvi aliyepoteza maeneo ya karibu huenda mbali, na mbali ni mafuta. Lita anazochoma leo kufuata samaki ambao babake aliwafuata kwa kasia ni gharama ambayo kwenye stakabadhi ya kituo huitwa dizeli tu.

Vifaa vinapokuja, iwe ni fidia au mradi mwingine wowote, huja na sherehe. Mashine hung'aa, picha hupigwa, mgeni wa heshima huondoka. Sijaona mradi unaouliza mafuta yatakaa wapi, yatachujwa na nini, na fundi wa karibu yuko umbali gani. Mashine mpya ikiunganishwa na tangi lililooza hufa kwa ugonjwa ule ule ulioua ya kwanza, kisha tunasikia kwamba wavuvi hawajui kutunza vitu.

Basi nini kifanyike? Kwanza, ushuru wa barabara uondolewe kwenye mafuta ya vyombo vya uvuvi na vya mizigo vilivyoandikishwa. Wakubwa watasema punguzo litaibiwa, mafuta ya wavuvi yatauziwa magari. Hofu hiyo ina msingi. Tulishaona dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, mpaka mwaka 2018 serikali ikatia tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia mchezo huo, na mama anayepikia stovu ndiye aliyeubeba mzigo. Lakini njia zipo. Uingereza, dizeli yenye ushuru mdogo hutiwa rangi nyekundu, na dereva akikutwa nayo barabarani hana la kujitetea. Mwaka 2022 walipopunguza idadi ya wanaoruhusiwa kuitumia, wavuvi waliachiwa. Hapa Kenya tayari mafuta hutiwa alama maalumu ya kufichua uchakachuaji. Ufundi hatukosi.

Pili, ikiwa kuuondoa ni kugumu, basi urudishwe. Chini ya Katiba ya 2010 uvuvi ni kazi ya kaunti, na kamati zetu za BMU zinavijua vyombo kimoja kimoja. Kaunti za pwani zikae na BMU zipige hesabu ya lita zinazochomwa baharini, kisha ziingie Nairobi na hesabu hiyo mkononi kudai fungu la magati, la maboya, na la karakana ya kuchomelea alumini hapa hapa visiwani. Mtu wa Faza asilazimike kupeleka vipimo vya tangi Mombasa kama anayetuma barua ng'ambo.

Tatu, wakaguzi wa vyombo wanapohesabu jaketi okozi, ambazo nazo ni wajibu, wainame pia watazame tangi: je, lina koki ya kutolea maji, bomba lake la kupumulia liko juu, kuna filta ya kutenga maji? Abiria 20 walio na jaketi zao bado wako hatarini mashine ikizima karibu na mwamba.

Nne ni letu wenyewe. Wengi wetu tumeliacha tanga lioze kwa sababu mashine ipo, na wako waliokata mlingoti kabisa ili wapate nafasi ya mzigo. Siku ile nje ya Pate, chombo kisicho na tanga kingekuwa mwambani kabla ya magharibi. Vijana wafundishwe kutweka bandarini, upepo ukiwa mpole, wasije kujifunza wakiwa na hofu.

Jumamosi, inshallah, tunaondoka tena kwenda Kiwayu. Koki itafunguliwa, kikombe cha filta kitatazamwa, na tanga limeshashonwa upya. Hayo ni yetu na tutayafanya. Zile shilingi 25 za kila lita ziko mikononi mwa tuliowachagua. Mwaka 2027 watakuja kutuomba kura, na kuja huku visiwani hawana budi kupanda vyombo vyetu. Wakishapanda, na bara ikianza kuwa ndogo nyuma yenu, waulizeni kwa adabu: ile barabara tunayoilipia ni ipi kati ya haya mawimbi?